Nyumba na Malezi: Kicheko cha Sinema Chaelekezwa kwa Nani?



Twapenda mwezi huu kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya watu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni vichekesho vifupi vya sinema vinavyowahusu vijana. Zamani sinema ilikuwa na nyumba yake, na aliyeitaka alitoka kwake akaifuata. Leo sinema humfuata mtu mpaka kitandani. Shinyanga mjini, Kahama, Maganzo, Kakola, Geita, Katoro na Nyarugusu, kijana atokaye kwenye karasha jioni, na vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi zake, hufungua simu yake akatazama mchezo wa dakika 3 au 5, akacheka, akampelekea mwenziwe. Na asiye na simu huenda kwenye kile kibanda cha video ambacho wenyewe hukiita kibanda umiza.

Wazazi wengi hulikabili jambo hili kwa mojawapo ya njia mbili. Wako wanaopiga marufuku, na mtoto akaenda kutazama kwa jirani. Wako wanaonyamaza, na mtoto akalelewa na simu. Sisi twaona kwamba iko njia ya tatu, nayo ni kuujua ufundi wenyewe. Mchimbaji aijuaye mizani hapunjwi na mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu jicho lake liko pale penye hila. Kadhalika mwenye kujua jinsi kicheko kinavyotengenezwa hachekeshwi asilotaka kulicheka.

Wala mtu asidhani kwamba twakikataa kicheko. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na masahaba wake, na katika mzaha wake hakusema uwongo wala hakumvunjia mtu heshima yake. Jambo lililokatazwa waziwazi, katika Sura al-Hujurat, Aya ya 11, ni watu kudharauliana na kupeana majina ya kuudhi. Basi swali letu la leo halikuhusu kucheka au kutocheka. Twauliza: kicheko hiki kimeelekezwa kwa nani, na kimeelekezwa kwa ufundi gani?

Na tuanze mwanzo. Kichekesho cha sinema kilicho mashuhuri kuliko vyote vya kwanza kilipigwa huko Ufaransa mwaka 1895 na Louis Lumière, na kilikuwa miongoni mwa picha zilizoonyeshwa Paris tarehe 28 Desemba mwaka ule, mbele ya watu waliolipa viingilio. Urefu wake haukufika dakika moja, na shujaa wake alikuwa mvulana. Mtunza bustani amesimama anamwagilia mimea kwa mpira wa maji. Mvulana anakuja nyuma yake kwa kunyata, anaukanyaga mpira, na maji yanakatika. Mtunza bustani anashangaa, anageuza mdomo wa mpira kuutazama, na hapo mvulana anauinua mguu. Maji yanamrukia mzee usoni na kofia inamwanguka. Mzee anageuka, anamkimbiza mvulana, anamkamata na kumchapa makalioni.

Hadithi ni hiyo tu, lakini ndani yake mna mafunzo matatu ambayo mpaka leo watengenezaji wa vichekesho hawajayaacha.

Funzo la kwanza ni siri. Sisi tunaotazama twamwona mvulana, na mtunza bustani hamwoni. Kama tusingemwona, tungeshangaa maji yalipokatika kama alivyoshangaa mzee, wala tusingecheka. Mtazamaji amepewa khabari ambayo mwenye kuchezewa hana, na kicheko kimezaliwa katika tofauti hiyo.

Funzo la pili ni mahali pa kusimama kamera. Katika mchezo ule kamera haikusogea hata kidogo, wala picha haikukatwa. Iliwekwa mbali kiasi cha kuwaonyesha watu wawili kwa miili yao mizima, pamoja na mpira ulio baina yao. Kama kamera ingesogezwa karibu na uso wa mzee, mguu wa mvulana usingeonekana, na siri ingepotea.

Funzo la tatu ni malipo. Mvulana alipokimbia alielekea ukingoni mwa picha, na mzee alipomkamata alimrudisha mbele ya kamera kabla ya kumchapa. Jambo hili halikuwa la bahati. Mtazamaji alikuwa shahidi wa kosa, basi ilipasa awe shahidi wa malipo. Kila kichekesho humpa mtu fulani ushindi na mtu fulani aibu, na mwenye kamera ndiye kadhi anayeamua.

Baada ya hapo ufundi uliongezeka. Charlie Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufa mwaka 1977, alipenda kuiweka kamera mbali ili tuone mwili mzima, kwa sababu kicheko chake kilikuwa miguuni, katika mwendo wake wa kupinda. Lakini katika City Lights ya mwaka 1931, mwishoni, msichana muuza maua aliyekuwa kipofu anapomtambua, kamera husogea mpaka usoni. Hapo watu waliokuwa wakicheka hunyamaza. Twajifunza kwamba picha ya mbali aghalabu huchekesha, na picha ya karibu aghalabu huleta huruma, maana ni vigumu kumcheka mtu unayeyaona macho yake. Twawaomba wasomaji waishike kanuni hii, tutaihitaji mbele.

Na tuangalie pia kwamba yule mtu wa Chaplin alikuwa maskini, na waliokuwa wakianguka na kuabishwa katika michezo yake mara nyingi walikuwa matajiri wenye kiburi na maaskari wakali. Kicheko kilipanda juu, hakikushuka kwa mnyonge.

Sasa turudi nyumbani. Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Baina ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kazi ya kujaribu kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa picha zipatazo 35, na gari lilizunguka nazo Tanganyika na nchi za jirani. Aghalabu picha za namna ile, na nyingi zilizofuata wakati wa wakoloni, zilijengwa juu ya watu wawili: mwerevu aliyefuata maagizo akafanikiwa, na mjinga aliyeyapuuza akapata hasara. Baadaye wakuu wa idara ya picha ya serikali ya Uingereza, akiwamo William Sellers, walishika kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa upesi, basi yampasa apewe picha za polepole na nyepesi. Dhana hiyo ilikanushwa na watu wenyewe, waliokuwa wakijaza nyumba za sinema za Unguja na Dar es Salaam kutazama picha za Kihindi zenye nyimbo, mikato na mambo mengi ya kufuatana.

Mwaka 1952 ukatoka mchezo wa Muhogo Mchungu. Aliyeshika nafasi kubwa ndani yake ni Rashidi Kawawa, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alicheza mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam, akaangukia mikononi mwa walaghai wa mjini. Watu walicheka sana. Lakini tutazame mpango wa kicheko chenyewe. Mtazamaji anaujua ulaghai, na mtu wa shamba haujui. Ni mpira ule ule wa maji wa mwaka 1895, isipokuwa safari hii anayemwagiwa ni mtu aliyetoka kijijini.

Tangu siku ile mtu wa shamba hajapumzika. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na kanda za video na simu zilipofuata, alihamia huko pamoja nasi. Na sisi wa Shinyanga na Geita yatuhusu kuliko wengine, maana mara nyingi mtu huyu wa shamba hupewa lafudhi ya Kisukuma. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, nao wamelima pamba, wamefuga ng'ombe, wamechimba almasi na dhahabu. Hata hivyo katika vichekesho vingi mtu akisema tu "Mwadila", kabla hajafanya lolote, kicheko kimekwisha tayarishwa.

Huenda mtu akatujibu kwamba huo ni utani, na utani ni mila yetu. Ni kweli utani ni mila, tena mila nzuri. Wanyamwezi na watu wa pwani wametaniana tangu zama za misafara. Lakini utani una sharti lake: ukinitania nami nakutania, na siku ya msiba wewe mtani ndiwe wa kwanza kufika. Mchezo wa simu hauna sharti hilo. Anayechekwa hana nafasi ya kujibu, na anayecheka hatafika msibani. Usukumani kwenyewe vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa muda mrefu kuvuta watu kwa vituko, kwa nyoka na kwa nyimbo za kuchomana. Lakini hushindana uwanja mmoja, na kila upande una zamu yake. Hiyo ndiyo haki ya kicheko.

Basi natuuchambue mchezo mmoja wa mfano, wa namna inayozunguka sana katika simu za vijana. Hatumtaji mtu, maana twataka kuonyesha ufundi tu. Wanafunzi watatu wa kike, wa umri wa miaka 14 au 15, wanatoka shule. Mtu mzima aliyepata dhahabu kwenye duara anasimamisha pikipiki mbele yao. Anampungia mmoja wao noti. Msichana anatabasamu, anaacha daftari lake likaanguka, anapanda. Wenzake wanabaki vinywa wazi. Mwisho.

Sasa tutazame jinsi ulivyochekeshwa.

Kwanza, picha ya kwanza kabisa ni ya viatu vya yule mtu, vinavyong'aa, tena kwa karibu. Kisha tairi la pikipiki. Kisha saa mkononi. Na uso ndio wa mwisho. Kumpandisha mtu kidogo kidogo namna hii ni kumfanya mkubwa. Kwa ufundi huo mtazamaji ameambiwa, bila neno moja, kwamba huyu ndiye bwana wa mchezo.

Pili, mwendo wa picha. Noti inapotoka mfukoni, picha hupunguzwa kasi, na muziki hupandishwa. Jambo linaloonyeshwa polepole huonekana kuwa tukufu. Daftari linapoanguka, picha huenda upesi, na huwekewa sauti ya kuchekesha kama ya chuma kilichogongwa. Noti imetukuzwa, na daftari limefanyiwa mzaha. Mtoto wa miaka 12 atazamaye hawezi kulieleza jambo hili kwa maneno, lakini limekwisha kumwingia.

Tatu, marudio. Kile kitendo cha msichana kugeuka kutazama noti hurudiwa mara tatu mfululizo. Marudio ni chombo cha zamani cha wachekeshaji, lakini tuulize ni kosa la nani linalorudiwa. Mtu mzima aliyemsimamisha mtoto barabarani hakurudiwa hata mara moja. Mtoto amerudiwa mara tatu. Kwa hiyo aibu yote ni yake.

Nne, kicheko cha kubandika. Sauti ya watu wanaocheka hutiwa mahali fulani ili kumwambia mtazamaji wapi acheke. Mtu peke yake chumbani huona haya kutocheka pale ambapo watu wengi wamecheka.

Tano, mahali pa kukatia. Mchezo umekatwa pale msichana alipopanda pikipiki. Malipo hayakuonyeshwa. Lumière alimrudisha mvulana mbele ya kamera apate adabu, na huyu mtu mzima ameachiwa atoke ukingoni mwa picha akienda zake.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010, Shinyanga ndiyo iliyoonekana kuwa mkoa wa kwanza nchini kwa wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, karibu 59 katika kila 100. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na mwenye kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu katika kesi iliyoletwa na Rebeca Gyumi, mzaliwa wa bara hii, kwamba vifungu vya sheria vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 havipatani na Katiba. Basi jambo ambalo mahakama imelitazama kwa uzito kiasi hicho, na ambalo kila mwalimu wa Geita na Kahama amelililia, limegeuzwa kuwa dakika 3 za mzaha, na anayechekwa ni mtoto.

Je, twasema mchezo kama huo usitengenezwe? Hatusemi hivyo. Twasema wawezekana kutengenezwa kwa watu wale wale, pikipiki ile ile na barabara ile ile, ukachekesha zaidi, na kicheko kikamwangukia anayestahili. Tuwape vijana wetu mfano.

Anzeni na siri. Kabla wasichana hawajatokea, mwonyesheni yule bwana akiazima viatu kwa rafiki, akiazima saa, akiazima pikipiki, na kila mwenye mali akimwambia airudishe kabla ya magharibi. Sasa sisi watazamaji twaijua siri. Anapojitokeza mbele ya wasichana kwa majivuno, twacheka tangu mwanzo, maana twauona mguu juu ya mpira. Kisha tumieni marudio, lakini yarudiwe majivuno yake: kila anapotoa noti simu inalia, na mwenye viatu anauliza viatu viko wapi. Kamera iwe mbali wakati yeye anahangaika, tumwone mwili mzima akiruka kwa mguu mmoja. Na iwe karibu mara moja tu, usoni mwa msichana, anapoliinua daftari lake akapangusa vumbi na kuendelea na safari. Hapo watu watanyamaza kidogo, kwa sababu macho yake wameyaona. Na mwisho wa mchezo, bwana yule asiachwe akatoka ukingoni. Mrudisheni mbele ya kamera: mwenye viatu, mwenye saa na mwenye pikipiki wamemzunguka, naye amesimama peku juani.

Hapana hotuba ndani ya mchezo huo, wala hapana mzee aliyesimama kutoa nasaha. Vijana hawapendi kuhubiriwa katikati ya kicheko, nao wana haki. Ufundi wenyewe umesema.

Zana si nyingi. Simu moja yatosha. Iegemezeni mahali isitikisike. Jua liwe nyuma ya mpigaji, lisiwe nyuma ya wachezaji, ama sivyo nyuso zitakuwa nyeusi. Sauti ipigwe mahali pasipo upepo wala kelele za makarasha. Wala msiwapige watoto wa watu bila idhini ya wazazi wao, maana picha ikishatoka hairudi.

Kwa wazazi twapendekeza jambo jepesi. Mara moja kwa juma, baada ya isha, muulizeni kijana awaonyeshe mchezo alioupenda. Utazameni mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili sauti ikiwa imezimwa. Mtashangaa jinsi mambo mengi yaliyochekesha yanavyokuwa si ya kuchekesha muziki na kicheko cha kubandika vikiondolewa. Kisha ulizaneni maswali manne. Nani anajua siri, na nani haijui? Kamera imemkaribia nani, na imemkimbia nani? Ni kitendo cha nani kilichorudiwa? Na mwisho, aibu imemwangukia nani, mwenye nguvu au mnyonge? Msitangulize hukumu. Mwacheni kijana ajibu mwenyewe, na mara nyingi ataliona jambo kabla yenu.

Twakumbuka pia kwamba serikali inayo Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1976, nayo hutazama michezo na kutaja umri unaofaa. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini michezo inayozaliwa kila usiku katika simu haihesabiki, na hakuna bodi iwezayo kuketi katika kila nyumba. Bodi ya nyumbani ni baba, mama, bibi na ndugu wakubwa, na muhuri wake ni mazungumzo.

Enyi vijana, kicheko ni amana. Mwenye kumchekesha mtu amemfungulia moyo wake, na mlango ukiwa wazi laweza kuingia lolote, la kheri na la shari. Ninyi mnaoishi juu ya ardhi yenye dhahabu mwajua kwamba mawe mengi humeremeta na si yote yenye mali. Wachimbaji husaga, huosha, kisha hupima. Basi nanyi mtakapotazama mchezo utakaofuata, chekeni, kisha usageni, uosheni na upimeni.

Wa billahi tawfiq.